Mseto Mezani: Mlo wa Jumamosi na Safari ya Neno Muhogo

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa kuhusishwa na kitoweo: siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku, na mwenyeji naye hupata kula asichokila siku nyingine. Makala haya yananuia kuitazama methali hiyo kwa jicho la isimu, yaani kuchunguza jinsi vyakula vya ugenini viingiavyo mezani petu pamoja na majina yake, na jinsi maneno yetu wenyewe yanavyotoka kimyakimya kwenda ugenini na kurejea yakiwa yamevaa nguo nyingine. Mfano wetu mkuu utakuwa mlo mmoja wa mchana, Jumamosi moja, katika mkahawa wa vyakula mseto vya Kiasia mtaani Parklands, Nairobi. Msomaji atuwie radhi ikiwa mjadala utanukia vitunguu saumu.

Tuanze na neno mseto lenyewe. Siku hizi neno hili limezoeleka mno katika siasa na taaluma kiasi kwamba wengi wetu tumesahau lilikotoka. Nchi yetu ilikuwa na serikali ya mseto kuanzia 2008 hadi 2013. Wataalamu wa misitu wana kilimo mseto. Watangazaji nao wana vipindi vya mseto. Hata hivyo, ukimuuliza mwenyeji wa mwambao mseto ni nini, atakuelekeza jikoni: ni mchele uliopikwa pamoja na choroko hadi vikalainika na kushikamana, chakula cha mtoto, cha mgonjwa na cha jioni ya mvua. Neno lenyewe linahusishwa na kitenzi seta, yaani kuponda. Kwa hiyo wanaodai kwamba Kiswahili hakina neno la kutajia upishi unaochanganya mila mbili au zaidi wanakosea maradufu. Neno lipo, na lilikuwa la wapishi kabla halijawa la wanasiasa. Tofauti ni moja tu: katika mseto wa choroko kila kimoja hupoteza umbo lake, ilhali katika mseto wa mikahawani mpishi hutaka ule huku ukijua kwamba hiki kimetoka Uchina na kile kimetoka India.

Mkahawa wenyewe sitautaja jina. Makala haya si tangazo la biashara, na isitoshe kuna lawama ndani yake, lawama ambayo inaiangukia mikahawa mingi ya jiji letu wala si huo mmoja.

Mahafali yetu yalikuwa Ijumaa. Mama alikuwa amesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Malindi, kikapu cha maembe mapajani. Siku ya pili yake Mwalimu wetu wa isimu alitualika, mama, mwenzangu mmoja wa chama na mimi, tule chakula cha mchana pasi na haraka. Mkahawa ulikuwa na utulivu wa wikendi. Familia za Kihindi zilikuwa zimeketi vizazi vitatu meza moja, bibi akimmegea mjukuu, watoto wakizungukazunguka baina ya viti, na wala hakuna aliyekuwa akitazama saa. Mhudumu alituletea orodha ya vyakula, kitabu kizima chenye jalada la ngozi, kurasa kumi na mbili, zote kwa Kiingereza.

Mama anajua kusoma. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo watakaodhani vinginevyo. Anasoma Taifa Leo toka ukurasa wa kwanza hadi wa michezo, na ndiye aliyenifundisha herufi kabla sijaingia shule. Ila husoma kwa Kiswahili. Aliifungua ile orodha, akaitazama kwa muda, akaifunga, kisha akaiweka mezani taratibu kama mtu aliyeshika mali ya wenyewe. "Mwanangu," akasema, "wewe niagizie tu." Mwanamke ambaye kwa miaka mingi amewalisha watu muhogo wa kukaanga kando ya barabara ya Mambrui alikuwa amegeuzwa mtoto mbele ya chakula.

Mwalimu aliliona hilo. Aliichukua orodha, akaifungua upya katikati ya meza na kusema, "La, mama. Leo tutaisoma sote, na kila chakula tutakiita kwa Kiswahili. Vijana hawa wakishindwa, warudishe shahada zao." Mama akacheka. Ndipo mlo wetu ulipogeuka darasa, na darasa hilo ndilo linalosimuliwa hapa.

Ukurasa wa kwanza tulioufikia ulikuwa wa vyakula vya Kichina vilivyopikwa Kihindi. Huu ni mseto ambao wasomi wa utamaduni wameuandikia sana, nao unastahili maelezo. Wachina walianza kufika Kolkata na viunga vyake mwishoni mwa karne ya 18. Mmoja wao, Tong Achew, alianzisha shamba la miwa na kiwanda cha sukari karibu na mto Hugli, na hadi leo mahali hapo panaitwa Achipur kwa jina lake. Baadaye walifuata wengi wa jamii ya Hakka, ambao katika mtaa wa Tangra walishika kazi ya kutengeneza ngozi. Ni hao walioanza kupika vyakula vyao kwa viungo vya sokoni Kolkata: pilipili za kijani, bizari, giligilani, vitunguu saumu kwa wingi. Maisha yao hayakuwa ya raha muda wote. Vita vya mpakani baina ya India na Uchina vilipozuka mwaka wa 1962, takriban 3,000 miongoni mwa Wachina wa India walikamatwa na kuzuiliwa katika kambi ya Deoli, jimboni Rajasthan, wengine kwa miaka kadhaa. Wengi walihama baada ya hapo, hasa kwenda Kanada, wakaubeba upishi wao. Ndiyo maana mjini Toronto mtu hukuta mikahawa ya Kihakka ambayo ladha yake ni ya Kolkata.

Jina Hakka lina utamu wake kwa mwanafunzi wa semantiki. Kwa Kichina maana yake ni jamaa wageni, watu waliohamia kusini mwa Uchina wakaitwa hivyo na wenyeji waliowakuta. Wageni hao wakawa wageni tena India, kisha wakawa wageni mara ya tatu Kanada. Basi mtu aagizapo tambi za Hakka pale Parklands, anaagiza tambi za wageni. Mwalimu aliposema hivyo, mama alijibu kwamba hata yeye ni mgeni Nairobi, kwa hiyo hizo ndizo zake, aletewe.

Chakula kinachojulikana zaidi katika kundi hili ni kuku wa Manchuria. Manchuria ni eneo la kaskazini mashariki mwa Uchina, nalo halihusiki kwa lolote na chakula hicho. Mpishi Nelson Wang, mzaliwa wa Kolkata mwenye asili ya Kichina, ndiye anayetajwa kuwa alikibuni mjini Mumbai mwaka wa 1975, alipokuwa akipikia klabu ya kriketi ya Cricket Club of India. Alianza jinsi mpishi yeyote wa Kihindi angeanza, kwa saumu, tangawizi na pilipili za kijani zilizokatwakatwa. Lakini mahali pa kutia mchanganyiko wa bizari alitia sosi ya soya na wanga wa mahindi ili rojo ishike. Jina alilokipa lilitosha kukifanya kisikike cha mbali. Leo Wahindi wasiokula nyama hupika koliflawa kwa namna iyo hiyo. Hapa tuna funzo la kileksika: jina la chakula si lazima lieleze asili yake, mara nyingi hueleza tu mahali mlaji anapotaka kudhani kimetoka.

Ikumbukwe kwamba mseto wa namna hii ni mkongwe kuliko neno la Kiingereza linaloutaja. Wapishi wa Marekani walianza kujitangaza nao miaka ya 1980. Wolfgang Puck, mathalani, alifungua mkahawa wa Chinois huko Santa Monica mwaka wa 1983, akichanganya upishi wa Kichina na wa Kifaransa. Lakini Wajapani walijifunza kukaanga kwa rojo la unga kutoka kwa Wareno karne ya 16, na leo tempura huhesabiwa kuwa ya Kijapani kindakindaki. Pilipili zinazowasha vyakula vya India, Uchina na Thailand asili yake ni bara la Amerika, nazo zilisambazwa na Wareno hao hao. Na sisi je? Urojo wa Unguja, wenye bajia, viazi, kachiri za muhogo na chatini ya nazi katika bakuli moja, ungeandikwa katika orodha ya mkahawa wa kifahari, ungeuzwa kwa bei ya mbuzi.

Turudi kwenye msamiati. Tulipoendelea kuipekua ile orodha, tuligundua jambo ambalo sikulitarajia: tatizo la kukosa maneno lilikuwa dogo kuliko tatizo la kutotambua maneno tuliyonayo. Orodha ilikuwa na kuku wa karahi. Mwenzangu, ambaye ni mzaliwa wa Kakamega, alidhani karahi ni aina ya kiungo. Mama akamsahihisha: "Si karai hilo, mwanangu? La kukaangia mahamri?" Naam, ndilo. Neno karai tulilipata kutoka lugha za India, tukalipa ngeli ya LI-YA, tukalitumia jikoni, na bara tukampa fundi wa mjengo abebee saruji. Mombasa kuna hata viazi karai, vinavyopakwa rojo la unga na kukaangwa ndani yake. Kile chombo cha Kichina chenye kina, ambacho wapishi wa mikahawani hukizungusha juu ya moto mkali, nacho ni karai tu, la mkono mmoja. Sioni haja ya kukibunia istilahi.

Hali kadhalika tanduri. Chombo hicho cha udongo kinachookewa mikate na nyama kina ndugu katika kamusi zetu, naye ni tanuri, aliyetufikia kwa njia ya Kiarabu ilhali mwenzake alipitia Uajemi hadi India. Wanafunzi wa sayansi hulijua tanuri la kuyeyushia chuma lakini hawajui kwamba ndimo alimookwa kuku wao. Ndugu wengine wa aina hii ni sambusa na samosa. Sisi wa bara tumezoea kusema samosa, na wapo walimu wanaolikosoa neno hilo kana kwamba ni uharibifu wa lugha. Ukweli ni kwamba maneno yote mawili yanatokana na neno moja la Kiajemi. La kwanza lilifika mwambaoni kupitia Kiarabu, la pili lilipitia India na likapanda nasi garimoshi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899 iliwaleta vibarua wa Kihindi zaidi ya 30,000, na ingawa wengi walirejea kwao, waliobaki na wafanyabiashara waliofuata wametuachia chapati, bajia, kachumbari na achari. Mwaka wa 2017 serikali ya Kenya iliitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Chapati, kwa upande wake, ilikuwa imepata uraia siku nyingi; muulize mtoto yeyote wa Kenya ni chakula gani cha Krismasi.

Uchina nayo imo ndani ya Kiswahili kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Waarabu huita nchi hiyo Sini. Kutokana na hilo walipata jina la chombo bapa cha kuandalia chakula, nasi tukakiita sinia. Mdalasini nao unatokana na maneno ya Kiajemi, yaliyopitia Kiarabu, yenye maana ya mti wa Uchina. Neno chai asili yake ni huko huko. Mama anatoka Mambrui, ambako kuna kaburi la kale la mnara lililopambwa kwa bakuli za kaure za Kichina, na si mbali na Malindi, mji uliompelekea mfalme wa Uchina twiga mwaka wa 1415. Kwa maneno mengine, vyombo vya Kichina vilitangulia kufika kwetu. Chakula cha kutia ndani yake kimechelewa karne sita hivi.

Si kila neno lilikubali kwa urahisi. Maneno ya Kijapani hayakutusumbua: sushi, tofu, miso, wasabi yana silabi wazi kama za kwetu, na ukiyatamka hakuna atakayekuuliza umeyatoa wapi. Yatoholewe yalivyo, yaingie ngeli ya I-ZI, basi. Lakini mikate ya Kihindi iitwayo naan ilituletea mzaha. Ukifuata kanuni za utohozi na kuongeza irabu mwishoni, utapata nani. Mwenzangu alimwagiza mhudumu mkate wa nani, mhudumu akauliza, "Wa nani?" na meza nzima ikavunjika mbavu. Tuliafikiana kuuita mkate wa tanuri, ingawa Mwalimu alitoa hadhari kwamba mofa pia huokwa katika tanuri lake la udongo, na si haki kumnyang'anya mofa mahali pake.

Palikuwa na viviringisho vyembamba vya unga vilivyojazwa mboga na kukaangwa, ambavyo kwa Kiingereza vina jina lenye msimu ndani yake. Msimu huo ni ule wa baada ya baridi kali, na Wachina walivila katika sherehe za kuukaribisha. Nimewahi kuona mahali fulani vikitafsiriwa kuwa mikunjo ya masika. Tafsiri hiyo ina dosari kubwa. Masika kwetu ni mvua ya Machi hadi Mei, wakati wa matope na kupanda. Mlaji hawezi kuyahusisha na kiviringisho cha kabichi. Penye kaskazi na kusi, masika na vuli, msimu wa wenzetu hauna pa kukaa, na kuulazimisha ni kutafsiri maneno badala ya maana. Mama alivitazama vilipoletwa, akasema ni sambusa za kuviringisha. Sijasikia pendekezo bora kuliko hilo katika warsha yoyote ya istilahi.

Mabishano makali yalizuka juu ya kile kiowevu cheusi chenye chumvi. Mimi nilisema ni mchuzi wa soya, kama vitabu vingi vya mapishi viandikavyo. Mwalimu akakataa. Mchuzi, alisema, ni kitu cha kutowelea. Ukimwambia mtu kuna mchuzi wa soya atanyoosha bakuli na kusubiri nyama. Hiki hutiwa kwa matone. Alipendelea sosi ya soya, neno ambalo Mkenya wa kawaida analielewa kutokana na sosi ya nyanya. Nilimshikilia kwamba tukikubali sosi tutakuwa tumelikimbia neno letu lenye heshima. Hatukupatana, na nimetumia sosi katika makala haya kwa sababu tu nimeshindwa kumjibu.

Sasa nifikie kisa kilichonifanya nishike kalamu. Ukurasa wa saba ulikuwa wa vitafunio, na humo mlikuwa na kitu kiitwacho mogo, kilichopikwa kwa pilipili na saumu. Bei yake ingenunua gunia dogo Malindi. Hatukuwa tumemweleza mama ni kitu gani. Yeye alikuwa ameona sahani ya meza jirani ikipita, vijiti vyeupe vilivyokaangwa vikang'aa kwa rojo jekundu. Alivitambua papo hapo. Akamwita mhudumu.

"Mwanangu, muhogo upo?"

Kijana akajibu kwa heshima zote, "Muhogo hatuna, mama. Lakini tuko na mogo. Mogo iko."

Majibu hayo yamenikaa kichwani tangu siku hiyo. Mogo ni muhogo. Ni neno la Kiswahili lililochukuliwa na Wahindi wa Afrika Mashariki, hasa wasemaji wa Kigujarati na Kikachi, waliojifunza kula muhogo hapa na hawakuwa na haja ya kuutafutia jina jingine. Walilifupisha: ile h ikadondoka, irabu zikaungana, kikabaki mogo. Hawakulichukua peke yake; katika nyumba zao mtu husikia pia kisu, fagio na sufuria. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka wa 1972 na kuwapa siku 90 waondoke, maelfu waliokimbilia Uingereza waliubeba mogo katika mazungumzo yao, na leo mikahawa ya Wembley mjini London huuza mogo wa kukaanga kwa wateja ambao hawajawahi kusikia neno muhogo. Upishi wa Wachina wa India ulipotia sosi ya soya, saumu na pilipili juu yake, ukazaliwa mseto ambao ndani yake mna mabara manne, kwa maana zao lenyewe la muhogo lililetwa na Wareno kutoka Amerika Kusini. Hapo ndipo neno letu lilipo: limeketi katika orodha ya vyakula mjini Nairobi, na kijana Mkenya aliyelelewa katika Kiswahili halitambui.

Tazama pia sarufi ya jibu lake. Muhogo ni wa ngeli ya U-I: muhogo upo, mihogo ipo. Ndiyo sababu mama aliuliza kwa "upo". Mogo, kwa kuwa limerejea kama neno la kigeni, limewekwa ngeli ya I-ZI wanakowekwa wageni wote: mogo iko. Halina wingi wa mi-, wala hakuna asemaye migo. Viambishi vilivyoliunganisha na jamaa zake vimekatika. Jambo kama hili limewapata pia kuku. Mwambaoni tuna kuku wa kupaka, anayechomwa na kupakwa tui zito la nazi. Katika meza za Waasia wa Afrika Mashariki chakula cha namna hiyo huitwa kuku paka, na Mswahili anayelisoma jina hilo kwa mara ya kwanza hushtuka akidhani amewekewa wanyama wawili katika chungu kimoja. Wapo wanaosema kwamba paka hapo ni neno la Kihindi linalohusu kuiva. Mimi naona kwamba msikilizaji wa Kiswahili hawezi kuikwepa "wa ku-" iliyodondoka.

Mwalimu alitahadharisha dhidi ya kulichukulia jambo hili kwa uchungu. Mkopaji hana deni la kurudisha neno likiwa vile vile, alisema. Sisi tulipochukua maneno ya Kiarabu na ya Kihindi tuliyageuza bila kumwomba mtu radhi. Nakubaliana naye kuhusu Wagujarati. Wao hawana kosa. Wamelitunza neno letu vizuri kuliko sisi. Ninachokilalamikia ni kile kitabu cha kurasa kumi na mbili. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haiandiki orodha za vyakula. Mwenye mkahawa hajakatazwa kuweka safu ya pili ya maneno. Lau angefanya hivyo, yule mhudumu angelazimika kujua mogo ni nini, na mama angeisoma bei mwenyewe na kuchagua mwenyewe. Chama chetu kimejadili mara nyingi istilahi za kompyuta na za sheria, na ni vyema. Ila sijawahi kuhudhuria kikao kilichojadili jina la kitu ambacho Mkenya anaketi kukila na mzazi wake Jumamosi.

Mseto huo wa muhogo uliletwa. Mama alikula kijiti kimoja polepole, akanyamaza, akala cha pili. Mhudumu aliporudi alimweleza, bila kejeli, kwamba ule ulikuwa muhogo, kwamba umechemshwa kwanza ndipo ukakaangwa, na kwamba aliyeuchemsha aliuacha motoni zaidi ya ilivyopasa. Kijana aliuchukua uma, akakata kipande, akakitazama ndani penye uzi wa katikati. "Ati huu ni muhogo?" akauliza. "Kwetu Nyeri hatuujui sana." Mama akamwambia amletee mpishi salamu. Tuliketi hadi saa kumi, chai ya tangawizi ikiletwa mara ya tatu, na tulipotoka jua lilikuwa limeshaanza kulala juu ya miti ya Parklands.

Majuma mawili baadaye nilimpigia simu. Alikuwa amenunua chupa ya sosi ya soya katika duka moja mjini Malindi, na jioni huandaa aina mbili kwenye meza yake: muhogo wa ndimu na pilipili wa siku zote, na mwingine ambao ameuandika kwa chaki ubaoni, muhogo wa Kichina. Nilimweleza kwamba kwa kweli si wa Kichina, ni wa Wachina wa India, na zaidi ya hayo Wachina hao hawakuwahi kuula muhogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba kijiko kimoja cha ile sosi kinatosha karai zima, maana chumvi yake ni kali.